Mbwa anakojoa damu matone matone: namna ya kutafuta na kutibu mawe ya kibofu

Mbwa anayekojoa damu hivi mara nyingi huchomwa antibayotiki na kurudishwa nyumbani. Hupata nafuu siku chache, kisha hali inarudi ileile. Akirudi, tafuta mawe.

1. Je, mkojo unatoka? Dume anayejikamua bila kutoa kitu ni dharura. Jiwe limekwama kwenye mrija, kwa kawaida nyuma tu ya mfupa wa uume, na potasiamu inayopanda kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Usingoje kesho. Mlaze kwa dawa, ingiza mpira wa mkojo uliopakwa jeli, kisha sukuma jiwe lirudi kibofuni kwa maji ya dripu. Likigoma, usitumie nguvu, mrija hutoboka.

2. Papasa tumbo. Kibofu kikiwa kitupu, mawe mengi husikika vidoleni yakisagana kama kokoto mfukoni. Usipoyahisi, usiseme hayapo.

3. Pima mkojo. Uvute kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni, uangalie ndani ya nusu saa. Mkojo uliolala kwenye friji hutengeneza fuwele ambazo mbwa hakuwa nazo. Otesha bakteria wa mkojo huo maabara kabla ya kuanza antibayotiki.

4. Piga picha. Eksirei huonyesha vizuri mawe ya aina ya struvaiti na kalsiamu oksaleti. Ya aina ya yurati na sistini yanaweza kujificha, hivyo ongeza ultrasaundi. Kwa dume, picha ichukue mrija wote.

5. Usikimbilie kisu. Hapa ndipo naona mbwa wengi wakipasuliwa bila sababu. Jike mwenye maambukizi, pH ya mkojo (kipimo cha asidi) ikizidi 7 na mawe yakionekana kwenye eksirei, huenda ana struvaiti. Haya huyeyuka kwa chakula maalumu pamoja na antibayotiki. Rudia eksirei kila mwezi, na uendelee na chakula mwezi mmoja baada ya mawe kutoonekana. Mawe ya oksaleti hayayeyuki: yakiwa makubwa, yatoe. Mbwa wa aina ya Dalmatian mfikirie yurati kwanza.

6. Ukipasua, suuza mrija vizuri, kisha piga eksirei kabla mbwa hajaamka. Jiwe moja lililobaki humrudisha mezani. Jiwe lenyewe lipeleke maabara, usilitupe.

Mwenye mbwa mwambie achanganye maji kwenye kila chakula, na mbwa atolewe nje kukojoa mara nyingi.