Kabla hujanunua gari la kutumia Mtwara na Lindi: manuali au otomatiki?

Watu wengi huanza kubishana kuhusu gia kabla hawajajua gari litapita njia gani, litaendeshwa na nani na litatengenezwa na fundi gani. Kwa huku kusini mambo hayo matatu yana uzito kuliko sifa za gari lenyewe. Ukiyajua, swali la manuali au otomatiki linabaki dogo sana.

Anza na njia yako ya kila wiki. Kama maisha yako ni Shangani, Ligula, Chikongola na sokoni, au Lindi mjini na Mingoyo, uko kwenye lami na sehemu kubwa ni tambarare. Hata safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam, kilometa kama 560, ni lami ambayo gia yoyote nzima inaimudu. Mwenye shamba la korosho Newala au Tandahimba, au mwenye ndugu Rondo, hana mahitaji hayo hayo. Kwa njia ya Newala, kutoka Mtwara mjini lami iliyotangulia kukamilika ni ya kilometa 50 hadi Mnivata, na kipande cha kutoka hapo kwenda Newala hadi Masasi kimekuwa kikijengwa. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala anajua jinsi ardhi inavyokatika ghafla ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Gari lililojaa watu na mizigo likiteremka huko linahitaji gia ndogo inayoshika.

Hapo ndipo huzuka kauli kwamba otomatiki haifai milimani. Sikubaliani nayo. Tatizo ni dereva anayeacha mkono wa gia kwenye D, ile ya kwenda mbele, mlima mzima huku amekanyaga breki mwanzo mwisho, mpaka breki zinapata moto, zinanuka na pedali inakuwa laini. Zile alama za 2 na L, au S na B kwenye baadhi ya magari, ziliwekwa kwa ajili ya mteremko. Ukiweka 2 kabla hujaanza kushuka, injini inasaidia kulizuia gari. Kwa hiyo unapolijaribu gari la otomatiki, usiishie kwenye D na R tu. Hakikisha na hizo nyingine zinaingia na zinashika. Kuhusu kupanda, injini ya cc 1,000 yenye watu watano na magunia mawili nyuma itahema, iwe ina klachi au haina.

Sasa jambo linalowagharimu watu wengi: otomatiki si moja. Ipo ile ya zamani yenye gia nne, kama ya Toyota IST za kwanza na Probox za kwanza. Ipo na CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Nissan nyingi zinayo, X-Trail zilizoanza kutengenezwa 2007 zikiwemo, na hata Vitz na Passo za miaka ya karibuni. CVT si mbaya, na mafuta inatumia kidogo. Lakini mkanda ule unashika puli kwa msaada wa oili yake maalumu, na ukiweka oili nyingine unaanza kuteleza, unakwangua chuma, na vumbi la chuma linasambaa gia boksi nzima.

Huku kwetu oili ya gia za otomatiki huitwa haidroliki, na fundi asiye makini akiona imepungua anaongeza yoyote iliyopo kwenye galoni. Toyota nyingi za zamani hutumia aina ya T-IV, za baadaye hutumia WS, na hizo mbili si kitu kimoja. CVT za Nissan huhitaji NS-2 au NS-3 kutegemea gari. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, jua gari unalolitaka linatumia oili gani, kisha nenda kwenye maduka ya spea Mtwara au Lindi uulize kama ipo. Kama haipo, maana yake kila utakapoihitaji utaagiza Kariakoo ije kwa basi, na hilo uliweke kwenye bajeti. Baada ya duka, nenda kwa fundi wako na umuulize hivi: “Fundi, gia boksi ya CVT umewahi kuifungua?” Akisema zote ni sawa tu, mshukuru na utafute mwingine wa kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, mtu anayenunua gari la kwanza, anayeishi mjini na hana fundi wa CVT anayemwamini, achukue otomatiki ya gia nne hata kama gari ni la miaka ya nyuma kidogo.

Manuali nayo ina haki yake. Klachi anaijua karibu kila fundi, uwe Masasi, Nachingwea au Liwale. Betri ikifa, vijana wanne wanalisukuma na linawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hivyo mwenye nalo atembee na nyaya za kubusti betri. Kwa anayebeba mzigo kila siku wakati wa msimu, pikapu ya manuali bado ndiyo ningemshauri bila kusita.

Ila kuna ukweli wa soko. Magari madogo ya mtumba kutoka Japani mengi ni otomatiki. Manuali utaikuta zaidi kwenye Hilux, Hiace, Land Cruiser za kazi na baadhi ya Probox. Anayeng'ang'ania gari dogo la manuali huishia kusubiri sana, au kununua lililokwisha kufanyishwa kazi ngumu hapa hapa nchini. Siku ya kuliuza pia wanunuzi wa mjini watakuwa wachache.

Halafu fikiria mikono itakayolishika. Gari la familia huku halina dereva mmoja. Kuna mke au mume, kuna mdogo wako, kuna mjomba atakayeliazima siku ya msiba Kitangari. Klachi ambayo kila mmoja anaikanyaga kwa namna yake haidumu. Wapo wanaoegesha mguu juu ya pedali safari nzima, na wapo wanaobalansi mlimani kwa klachi badala ya kuvuta handbreki. Kama nusu ya watu wa nyumba yenu hawajawahi kuendesha manuali, jibu mnalo tayari. Hata hivyo, anayejifunza sasa ajifunze kwenye manuali, VETA au chuo kingine kinachotambulika, ndipo atafute leseni yake ya daraja D. Kutoka manuali kwenda otomatiki ni kazi ndogo. Kurudi nyuma ndiyo kazi.

Siku ya kulikagua gari, mwambie mwenye nalo asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu gia boksi mbovu huficha mengi ikishapata joto, na nyingine huficha ikiwa baridi. Unataka kuiona katika hali zote mbili. Weka mkono kwenye boneti kwanza. Kama ni la moto, rudi kesho asubuhi. Likiwashwa, kanyaga breki, toa P (ya kuegesha) weka R (rivasi), kisha N (huru), kisha D, taratibu. Kila ukibadilisha unatakiwa kusikia mshtuko mdogo laini mara moja. Likikaa kimya kidogo ndipo liruke, au likipiga kishindo, hapo pana gharama. Endesha angalau nusu saa, kwa mfano kwenda Mikindani na kurudi, au kwa Lindi mjini kupanda Mtanda, uone kama injini inapaza sauti bila gari kuongeza mwendo.

Ukirudi, chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi kama kipo. Toyota nyingi za zamani hupimwa zikiwa za moto, injini ikiunguruma, gia ikiwa P. Pangusa kijiti kwenye karatasi nyeupe. Kwa otomatiki ya gia nne, nyekundu inayong'aa ni salama. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua ni dalili ya kuchoka. Punje zinazometameta ni chuma, na hapo acha gari la watu. Rangi iliyopauka na nzito kama chai ya maziwa ina maana maji yameingia.

Kwa manuali jaribio ni fupi. Vuta handbreki hadi mwisho, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini inatakiwa kuzima. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu. Sikiliza pia mlio unapokanyaga pedali, kwani mara nyingi ni beringi ya klachi, na jaribu rivasi kama inaingia bila kukwaruza.

Piga goti uangalie chini. Mji wetu wa Mtwara uko pwani, na chumvi ya upepo wa Shangani au Mikindani inakula bomba za breki, nyaya za gia na sakafu ya gari kimya kimya. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini juzi itilie shaka.

Mvua za kusini kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, Kilwa, magari yalikwama pande zote mbili. Kuwa na kamba imara ya kuvutia, ndoano yake, tairi la akiba lenye upepo, tochi na maji ya kunywa. Mwenye otomatiki ajue kwamba gari lake halivutwi umbali mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini. Pampu ya oili ya gia huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima gia boksi inasagika kavu. Magurudumu hayo yanyanyuliwe, au gari lipakiwe. Na ukizama kwenye mchanga wa Msimbati, usikanyage mafuta kwa hasira. Punguza upepo wa tairi, chimba mbele ya magurudumu, toka taratibu, kwa kuwa kuzungusha magurudumu pale pale ndiko kunakochemsha oili ya gia.

Upande wa mafuta, angalia bei kikomo ya wilaya yako ambayo EWURA hutangaza kila mwezi, maana ya Liwale si ya Mtwara mjini. Makaratasi hayana maneno mengi: kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, faini za barabarani ziwe zimelipwa, bima iwe hai, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla hujamaliza malipo.

Usitumie fedha yote kwenye kununua. Bakiza ya oili ya injini, oili ya gia na breki kwa wiki ya kwanza. Oili ya gia ya otomatiki ibadilishwe kwa kumwaga iliyopo na kujaza kiasi hicho hicho cha aina sahihi, na kila kilometa 40,000 hadi 60,000 irudiwe. Risiti ya oili hiyo iweke ndani ya gari, ili fundi yeyote atakayelifungua baadaye asome aina yake kabla hajaongeza kitu.