Kabla hujazima mchakato kwenye Linux, hakikisha ni wenyewe

Amri ya `kill` haiulizi mara mbili. Kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, una namba yake (PID). Ukiipa `kill` namba ya hifadhidata badala ya namba ya programu iliyokwama, itaizima hifadhidata, na watu wote wanaoitegemea wataachwa hewani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi kubwa ni kutafuta. Kuzima ni sekunde moja.

Anza na `hostname` na `whoami`. Anayefungua seva ya majaribio na seva halisi kwenye madirisha mawili yanayofanana hana budi kujua yuko wapi na ameingia kama nani. Kama huduma inaendeshwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya seva), kumbuka kwamba namba ya mchakato unayoiona ukiwa ndani si ile inayoonekana ukiwa nje.

Halafu jina, na hapa ndipo wengi wanapotea. Programu mnayoiita ofisini "mfumo wa ada" huenda kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ni `java` au `python3` tu. Isitoshe, jina fupi linalotunzwa na kerneli halizidi herufi 15, na `pgrep`, amri ya kutafuta michakato, kwa kawaida hutafuta kwa jina hilo. Ukiandika jina refu zaidi hupati kitu, ukadhani huduma imekufa kumbe iko hai. Tumia `pgrep -af ada`: `-f` husoma mstari mzima wa amri, na `-a` hukuonyesha mstari huo ili uamue kwa macho yako. Ila wavu huo ni mpana. Utamnasa hata mwenzako anayesoma `ada.log` kwa `less`. Ukimjua mtumiaji anayemiliki huduma, mtaje kwa `-u`.

Waliozoea `ps aux | grep ada` wanajua kwamba grep hujitokeza yenyewe kwenye majibu. Andika `grep '[a]da'`: bado itapata "ada", lakini mstari wake yenyewe una mabano, kwa hiyo haujilingani.

Pengine jina hulijui kabisa, unachojua ni kwamba poti 8080 imeshikwa. Hapo ni `sudo ss -ltnp | grep :8080`. Bila `sudo`, poti utaiona lakini mchakato wa mtumiaji mwingine hautatajwa.

Ukishapata namba, tuseme 4312, usikimbilie. Endesha `ps -p 4312 -o pid,ppid,user,stat,lstart,args`. Saa ya kuanza pekee hufichua mengi: kama tatizo lilianza asubuhi hii na mchakato umekuwepo tangu mwezi uliopita bila kuguswa, jiulize kama kweli ndio unaoutafuta. Kisha `sudo ls -l /proc/4312/cwd`, ambayo huonyesha saraka mchakato unamofanyia kazi. Nakala mbili za programu ileile, ya majaribio na ya kweli, mara nyingi hutofautiana hapo tu. Wala usitegemee namba uliyoinakili jana, kwa sababu mchakato ukifa namba yake inaweza kupewa mwingine.

Kwenye safu ya STAT ya jibu la `ps`, hali ya Z ina maana mchakato umeshakufa na unasubiri mzazi wake auondoe, basi mwangalie mzazi kupitia PPID, yaani namba ya mzazi huyo. Hali ya D mara nyingi ni kungoja diski au hifadhi ya mtandaoni, na kwa kawaida hata `kill -9` haitafua dafu mpaka kungoja huko kuishe.

Uliza pia nani anausimamia: `systemctl status 4312` itakutajia huduma husika. Ikiwa imepangwa kujiwasha upya, ukiiua itaweza kurudi na namba mpya; tumia `systemctl stop`.

Mchakato usiposimamiwa na yeyote, tuma kwanza ishara ya 15, inayoiomba programu ijifunge yenyewe. Ile ya 9 huizima programu papo hapo na kuinyima nafasi ya kufunga mafaili yake. Na kama unataka `pkill`, inayozima michakato kwa jina, endesha kwanza `pgrep -af` kwa masharti yaleyale, soma kila mstari, ndipo ubadilishe jina la amri na kuondoa `-a`.