Sayansi kwa simu: anza na maharagwe

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, nilibaki hapa Busia na darasa la tano lililotawanyika vijijini, na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikatuma picha za kurasa za kitabu. Hakuna aliyezisoma, na sikuwalaumu.

Fanya hivi badala yake. Tuma ujumbe wa sauti, usizidi dakika mbili, maana bando ni la mzazi. Mwambie mtoto atafute glasi mbili, pamba iliyolowa maji na maharagwe sita, matatu kila glasi. Moja ikae dirishani, nyingine kabatini gizani. Pamba isikauke, lakini maharagwe yasizame, yataoza.

Kabla hajaanza, lazima akutumie jibu la swali moja: mche upi utarefuka zaidi? Karibu wote watasema wa dirishani. Usiwasahihishe! Nyamaza.

Mche ukichomoza, kila jioni apime kwa rula na aandike daftarini. Baada ya wiki moja hivi simu yako haitatulia: “Mwalimu, wa kabatini umerefuka kuliko mwingine, lakini ni wa manjano!” Hapo ndipo ufundishe. Mche wa gizani hutumia chakula kilichomo kwenye mbegu kujinyoosha kutafuta mwanga. Bila mwanga hautengenezi ile rangi ya kijani.

Asiye na simu janja mpigie mzazi, jioni, akishatoka sokoni. Mama mmoja aliniambia maharagwe yake yamepikwa. Tukaanza upya.