Kurekodi Skrini kwa Maelezo ya Sauti: Mwongozo kwa Mwalimu

Mwanafunzi aliye kisiwani Ukara, anayetazama somo lako jioni kwenye simu ya mama yake baada ya dagaa kuanuliwa, ataivumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini sauti isiyosikika itamfanya aliache somo mara moja. Kwa hiyo anza na sauti. Nyumba nyingi hapa Mwanza zimeezekwa kwa mabati, na mvua ikianza kunyesha ni heri uahirishe kurekodi, kwa kuwa kelele zake haziondoki vizuri baadaye. Mimi hurekodi alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka, katika chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, kwa sababu vitambaa hunyonya mwangwi ambao ukuta mtupu na sakafu ya saruji huurudisha. Maikrofoni iliyo kwenye waya wa spika za masikioni za simu inatosha, mradi isikwaruze kola ya shati. Rekodi dakika moja ya majaribio, kisha isikilize kupitia spika ya simu yenyewe, maana ndivyo wengi watakavyoisikiliza.

Kwa kompyuta, programu ya kurekodi skrini iitwayo OBS Studio hupatikana bure na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Simu nyingi zenye Android 11 au toleo la baadaye zina kinasa skrini chake. Hakikisha tu umekiruhusu kutumia maikrofoni. Katika OBS, chagua kuhifadhi rekodi kwa muundo wa MKV. Niliwahi kupoteza somo zima umeme ulipokatika, kwa sababu faili la kawaida la MP4 likikatizwa kabla ya kufungwa mara nyingi halifunguki tena, ilhali MKV hubakiza sehemu iliyokwisha kurekodiwa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaweza kuligeuza faili hilo kuwa MP4 bila kupunguza ubora wake.

Kabla ya kubonyeza kitufe, zima arifa zote, funga mafaili yenye majina na alama za wanafunzi, na ukuze maandishi hadi yasomeke kwenye kioo cha simu ndogo.

Kazi kubwa iko katika kueleza. Tuseme unafundisha kujumlisha mauzo ya dagaa ya wiki katika jedwali la Excel. Ukisema «tunaandika hapa, halafu tunabonyeza hivi», hujamfundisha anayesikia tu huku picha ikikwama. Sema hivi: «Ninabofya seli B9, chini ya mauzo ya Jumapili. Ninaandika alama ya sawasawa, neno SUM, mabano ya kufungua, B2, nukta pacha, B8, kisha mabano ya kufunga.» Tamka kila kitu kwanza, ndipo uandike, na ukishabonyeza Enter, nyamaza kwa sekunde mbili ili jicho lilione jibu. Kishale kitulie, ukikizungushazungusha, mtazamaji hukifuata na kuliacha somo. Ukikosea, usianze upya: tulia kidogo, rudia sentensi nzima, na kosa ulikate wakati wa kuhariri. Kila rekodi ibebe jambo moja, nayo isizidi dakika 5.

Bando ni gharama kwa mzazi, kwa hiyo punguza ukubwa wa faili kwa programu ya bure ya HandBrake. Picha na sauti zikitumia jumla ya kilobiti 400 kwa sekunde, dakika 5 huchukua takribani megabaiti 15, na jedwali lisilo na mwendo mwingi bado husomeka. Unapotuma kwa WhatsApp, liambatishe kama hati, kwa sababu likitumwa kama video ya kawaida hubanwa tena na tarakimu ndogo huvurugika. Kwa walio visiwani ambako mtandao ni hafifu, nakili masomo kwenye memori kadi au flashi na umpe mtu unayemwamini anayevuka kwa kivuko, ukiyapa mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03 ili yafuatane kwa mpangilio.

Kabla ya kusambaza, lifungue somo kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, nje, kwenye mwanga wa jua, na ujaribu kuifuata kanuni ya B9 kwa kuitazama hiyo simu peke yake.