Namna ya Kusimulia Kisa kwa Mchoro wa Kanga

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa kwa herufi kubwa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Mchoraji anayetaka kanga yake isimulie kisa hana budi kuigawia kila sehemu kazi yake tangu mwanzo, kwa maana kanga nyingi huharibika pale mji unapobebeshwa kisa kizima na jina nalo likakirudia kilekile kwa maneno.

Anza na jina, kisha tafuta tukio moja tu la kuchora. Tuseme kisa ni cha mke anayemngoja mumewe aliyesafiri baharini, na jina ni SUBIRA HUVUTA HERI. Usimchore mume akiagana na mkewe, akisafiri, kisha akirudi. Chora taa ya chemli inayowaka dirishani, na kwa mbali tanga moja dogo. Aliyesafiri ni nani, na je, tanga lile ni lake? Hayo mwachie mtazamaji, kwa kuwa jina litampa njia ya kuyajibu mwenyewe, na hapo ndipo utamu wa kanga ulipo.

Kumbuka pia kwamba kitambaa hiki, chenye upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha sentimita 110, hakitundikwi ukutani bali hufungwa mwilini, kimoja cha doti, yaani jozi ya kanga, kikiwa kiunoni na cha pili kikitandwa kichwani na mabegani. Mikunjo humeza vitu vidogo. Kwa hiyo kitu kikuu kiwe kikubwa, kiwe katikati ya mji, na mistari yake iwe minene. Sura za watu zenye macho na midomo midogo ni afadhali uziache kabisa. Rasimu ya sentimita 30 kwa 22 inatosha, kwa kuwa ni sehemu ya tano ya vipimo halisi.

Pindo lirudierudie alama moja iliyotoka katika kisa chenyewe, kwa mfano nanga au mawimbi, badala ya korosho lililozoeleka. Rangi tatu au nne zinatosha, maana kila rangi huongeza kazi ya uchapaji. Kisutu, kanga ya harusi, kimedumu miaka mingi kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tu.

Kabla ya kupeleka mchoro kiwandani, uchore kwenye shuka kuukuu kwa ukubwa wake kamili, mfunge mtu, kisha umtazame akitembea. Mwombe asiyekijua kisa akueleze alichokiona, kwanza jina likiwa limefunikwa, kisha likiwa wazi. Ikiwa maelezo yake hayabadiliki hata kidogo, picha imesema mno, ipunguze. Ikiwa hata baada ya kulisoma jina haoni uhusiano wowote, badilisha picha kwanza kabla ya kuligusa jina.