Gari limepita kilomita 150,000: oili gani uweke?

Gari likishatembea sana, ushauri wa kwanza utakaousikia ni "weka nzito". Kilomita peke yake hazisemi hivyo. Injini ya kilomita 250,000 iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kuendelea na unene ule ule wa kiwandani, na ya 120,000 iliyocheleweshwa ikawa tayari inakula oili. Cha kujua kabla ya kwenda dukani ni oili inapotea kiasi gani na inapitia wapi.

Hatua ya 1: Kitabu cha gari

Nakili vitu vitatu: unene (mfano 5W-30), daraja la ubora (API, kipimo cha Marekani, au ACEA, cha Ulaya) na ujazo pamoja na filta. Kitabu kikiwa kimepotea, angalia kifuniko cha kujazia oili. Kwenye magari mengi unene umeandikwa pale pale.

Namba iliyo kabla ya W inahusu oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili ni unene wake kwenye joto la nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 ziko daraja moja injini ikishapata joto. Zinatofautiana pale unapowasha asubuhi.

Hatua ya 2: Pima gari linakula kiasi gani

Usiiruke hii hata kama una haraka. Egesha pasipo na mteremko, zima injini, subiri dakika 10 oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, chomoa tena. Pande mbili zikisoma tofauti, amini ile ya chini. Jaza mpaka alama ya juu kabisa, usipitilize, kisha andika kilomita.

Baada ya kilomita 1,000, rudi mahali pale pale, injini ikiwa na joto lile lile, na ujaze tena hadi alama ya juu ukitumia chombo chenye vipimo. Kiasi ulichoongeza ndicho gari lilichokula. Kukisia kwa macho hakufai: kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, lakini si yote.

Mambo yanayoharibu kipimo hiki:

- Safari fupi fupi. Injini isipopata joto vizuri, petroli kidogo hupenya hadi kwenye oili na kuziba pengo la oili iliyoungua. Kijiti kinaonyesha hakuna kilichopungua. Siku ukienda safari ndefu petroli inavukizwa, na kimo kinaonekana kimeshuka ghafla. Nusa kijiti, kikinuka petroli, pima upya ukitumia safari ndefu.
- Kimo kinapanda badala ya kushuka. Ni petroli au dizeli inayoingia, au maji ya rejeta. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha habari ya kuchagua oili. Tafuta maji yanaingilia wapi.
- Umri wa oili. Oili iliyokaribia kumwagwa huliwa haraka kuliko mpya, kwa hiyo pima mwanzoni na mwishoni.

Mizani ninayoitumia: chini ya mililita 200 kwa kilomita 1,000, usibadilishe unene. Kati ya 200 na 500, unene ule ule lakini oili ya magari yaliyotembea sana. Zaidi ya 500, fikiria kupanda ngazi moja baada ya kumaliza hatua ya 3. Ikipita lita nzima, hakuna oili itakayotibu. Unanunua muda tu kabla ya kufungua injini.

Hatua ya 3: Inapitia wapi

Moshi wa bluu asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi: sili (mipira ya kuzuia oili) za valvu. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta: ringi za pistoni. Hakuna moshi ila boksi ulilotandika chini ya gari usiku limelowa: gasketi au sili za nje.

Angalia pia valvu ya PCV, inayopumua gesi za ndani ya injini. Ikiganda, mgandamizo wa ndani husukuma oili kupitia sili nzima kabisa. Kwa injini ambazo valvu hiyo inachomoka, itikise: nyingi zikiwa nzima hulia. Ni kipuri cha bei ndogo, na watu hubadilisha oili mara tatu kabla ya kukigusa.

Hatua ya 4: Chagua

Oili ya magari yaliyotembea sana, ambayo kwa kawaida hulengwa kwa injini zilizopita kilomita 120,000, ina viambato vinavyolainisha na kutanua kidogo mpira wa sili uliokauka. Inasaidia sili inayotoa jasho, si iliyochanika. Ipe nafasi ya kumwaga oili mara mbili kabla ya kuihukumu.

Ukipanda unene, panda namba ya pili tu, ngazi moja: 5W-30 iwe 5W-40, 0W-20 iwe 0W-30. Kuruka hadi 20W-50 kunabadilisha ncha zote mbili, na injini iliyochoka inachelewa kupata oili kila inapowashwa. Kwenye injini za VVT (zinazobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa presha ya oili), oili nzito huchelewa kwenye njia nyembamba, na taa ya injini inaweza kuwaka. Taa ya oili ikipepesa injini ikiwa na joto, pima presha kwa geji kwanza. Oili nzito itaficha beringi zilizokwisha.

Ubora: kwa petroli chukua API SP; inafaa hata pale kitabu kinapotaja SN au SM. Dizeli yenye chujio la masizi, DPF, inataka oili ya majivu machache kama ACEA C3, kama kitabu kinaikubali. Majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo.

Mimi huchagua sintetiki. Ile habari kwamba inavujisha injini kuukuu ina chembe ya ukweli: inasafisha uchafu uliokuwa umeziba sili mbovu. Chupa za kuongeza uzito, ziache. Dawa ya kusafishia injini yenye tope jingi pia iache: vipande vikibanduka huziba chujio la sampu na pampu inakosa oili. Badala yake mwaga mara mbili mfululizo, kila baada ya kilomita 2,500, filta mpya kila mara.

Hatua ya 5: Mwaga na ujaze

Filta mpya, na washa (pete ya kuzibia) mpya ya bolti ya kumwagia. Washa injini dakika moja, zima, subiri, pima. Rudia kipimo cha kilomita 1,000, na kwa injini inayokula oili, mwaga kila kilomita 5,000 hata kama kopo linaahidi 10,000.