Kuandika riwaya ya wachawi na mvuke kwa vijana

Mashine itangulie mchawi. Nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, ukatazame garimoshi nambari 5918: mabomba, vali, geji. (Liliundwa miaka ya 1950, lakini boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ni boila.) Uchawi nao ulipiwe vivyo hivyo, kwa maji, moto na shinikizo. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, yaani bati la juu ya moto ndani ya boila, chuma hulegea kwa joto na boila hulipuka. Hapo weka kilele cha hadithi.

Watesaji wa mchawi wape sheria mkononi. Sheria ya Uchawi ya 1925 nchini Kenya humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia anayemsingizia jirani, isipokuwa akipeleka tuhuma kwa mwenye mamlaka kama polisi. Mwanya huo unakutosha riwaya nzima: nani anakimbilia kituoni, na shamba la mjane aliyetuhumiwa litabaki kwa nani?

Wengi huharibu sura ya kwanza kwa kueleza gia kurasa tatu. Eleza kipuri kimoja tu, kile kitakachovunjika baadaye. Shujaa amzidi msomaji mwaka mmoja au miwili. Vijana hawapendi kusoma habari za wadogo zao.